Sindano si alama ya umaskini

Leo siandiki juu ya bei ya unga wala juu ya barabara. Naandika juu ya sindano. Wengine watacheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, kwa sababu nyuma ya sindano hiyo kuna mama wanaonyimwa nafasi, kuna feza ya misaada inayotumika vibaya, na kuna kazi nzuri inayouzwa kwa bei ya kutupa.

Hapa kwetu Goma kuna mama wanaoshona mablanketi ya viraka. Wanaokota vipande vya vikwembe mbele ya milango ya mafundi, vile vinavyobaki baada ya kukata libaya na sketi. Wanavifua, wanavipanga kwa rangi, wanaviunganisha mpaka vinakuwa kitambaa kimoja. Chini yake wanaweka blanketi kuukuu au shuka iliyochoka, halafu wanapitisha uzi katika tabaka zote ili zishikane. Wako wanaofanya hivyo kwa ajili ya watoto wao tu, maana usiku wa Goma una baridi na sementi haina huruma. Wako wanaouza. Na wengi wao ni watu waliotoka Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Kalehe, walioacha mashamba na kuja kukaa kwa jamaa, au kwa watu wasiowajua kabisa waliowafungulia mlango.

Sasa kuna neno limeenea kama moshi: mkono ni wa maskini, mashini ndiyo maendeleo. Nimelisikia kwa mafundi. Nimelisikia kwa wakufunzi wa vituo vya kupe-kutire. Nimelisikia kwa waume wa mama hao, hata kwa vijana wenye fulana za mashirika wanaokuja na orodha mkononi. Mimi nasema neno hilo ni la uongo, na uongo wake una watu unaowaumiza.

Angalieni jinsi mambo yanavyokwenda. Shirika linakuja, wakimbizi wa ndani wanaandikishwa, mafunzo yanaanza. Miezi kadhaa mama anajifunza kukanyaga pedali, kufuata mstari wa chaki kwenye karatasi, kuweka kola. Siku ya mwisho kuna picha, kuna vyeti, kuna hotuba, kuna soda. Halafu inatolewa mashini moja kwa mama watano. Moja! Itakaa kwa nani? Kwa yule ambaye nyumba yake haivuji. Na huyo ni nani? Mara nyingi si mhamaji, maana mhamaji anakaa chini ya shitingi au kwenye chumba kimoja na familia tatu. Baada ya mwezi mkanda umekatika, sindano ya mwisho imevunjika, na wale watano hawasalimiani. Shirika silitaji, na wala si moja.

Linaloniuma zaidi liko mwanzoni, siku ya kuandikisha. Niliwahi kukaa pembeni na kusikiliza maswali. Mama anaulizwa: unajua kushona? Anajibu, ndiyo, mwanangu, nimeshona tangu utoto. Na mashini gani? Hapana, kwa mkono. Basi kijana anaandika: hajui. Mama yule alikuwa amejifunga mgongoni mtoto aliyefunikwa na kitambaa cha viraka ambacho mimi, niliyeona vitu vingi katika maduka ya hapa, sijaona kinachokishinda. Kitambaa kilikuwa mbele ya macho ya kijana. Hakukiona, kwa sababu fomu yake haikuwa na mahali pa kukiandika.

Msinielewe vibaya. Mimi si adui wa mashini. Sitaki tufanye kama wale mafundi wa Paris. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hati ya mashini yake ya kushona mwaka 1830, akafungua karakana ya kushona mavazi ya jeshi, na mwaka uliofuata mafundi wa nguo waliingia wakazivunja, kwa hofu kwamba watakosa mkate. Hofu yao ninaielewa, lakini nyundo haikuwasaidia. Miaka 20 baadaye, mwaka 1851, Isaac Singer alipata hati yake Marekani, na leo jina lake liko kwenye chuma cheusi katika vibaraza vya Birere na Majengo.

Kuna kazi ambazo ni za mashini, tusibishane. Mwezi wa tisa watoto wanaporudi shuleni, shati nyeupe na sketi ya bluu zinatakiwa kwa mamia ndani ya wiki mbili. Anayeshona hizo kwa mkono anajitesa bure. Mapazia, mifuko ya soko, mashuka, nguo za kazi: mshono mrefu ulionyooka, kitambaa kile kile, kipimo kile kile. Hapo mashini haina mpinzani, na mama anayeweza kuipata aishike kwa mikono miwili.

Lakini blanketi la viraka ni kitu kingine, na ni lazima tuingie ndani ya kazi yenyewe, maana wengi wanaotoa amri juu ya jambo hili hawajawahi kushika uzi.

Kazi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuunganisha vipande, vikwembe peke yake. Ya pili ni kupitisha uzi katika tabaka tatu: vikwembe juu, blanketi katikati, shuka chini. Katika sehemu ya kwanza mashini inasaidia kweli. Katika ya pili, mashini ndogo ya pedali inaanza kulalamika. Meno yaliyo chini ya kitambaa yanasukuma tabaka la chini mbele, na mguu wa mashini unalishika la juu lisiende haraka. Tabaka hazitembei pamoja. Ukigeuza, unakuta shuka ya chini imejikunja kama uso wa mzee. Sindano nyembamba inavunjika kwenye blanketi nene. Wenye mashini kubwa za Ulaya na Marekani wana vifaa vya kuyazuia hayo, hata mashini zenye mkono mrefu zinazotembea juu ya blanketi lililowekwa kwenye fremu. Hapa hatuna. Hapa tuna mashini ya kilo nyingi, mafuta ya kubahatisha, na umeme ambao hata aliye nao anaulipia kwa kuhesabu.

Mkono hauna shida hiyo. Mama anatandaza tabaka zote chini, anazishikiza kwa mishono mirefu ili zisisogee, halafu sindano inakwenda mbele, juu na chini, juu na chini. Anasikia kwa kidole kama shuka imejikunja, na anairekebisha kabla uzi haujapita. Mshono wake ni wa nuktanukta, mstari unaokatika na kuendelea, na kitambaa kinavimba kidogo pembeni yake. Mshono wa mashini ni mgumu na haukatiki, unakandamiza kitambaa kama kamba. Wengine wanapenda huu, wengine ule. Ni suala la macho, na macho ya mshonaji ndiyo yanayopaswa kuamua.

Sasa tufanye hesabu, maana wanaodharau mkono wanapenda kusema juu ya hesabu bila kuifanya. Chukua blanketi la upana wa metre 1.5 na urefu wa metre 1.95, la vipande vya sentimetre 15 kwa 15. Ni vipande 10 kwa upana na 13 kwa urefu, jumla 130. Ukijumlisha mishono yote ya kuviunganisha, unapata karibu metre 36. Kwa mkono, tuseme mama anapiga mishono 30 kwa dakika, kila mmoja milimetre 3: anatumia karibu saa 7. Mashini yenye kwenda mishono 400 kwa dakika, kila mmoja milimetre 2.5, inamaliza kwa dakika 36 za kukanyaga. Tofauti ni kubwa, sikatai. Halafu sehemu ya pili: mistari ya kushikanisha tabaka, mmoja kila sentimetre 5. Ni kama mistari 30, karibu metre 58. Kwenye tabaka tatu mkono unapunguza mwendo. Tuseme mishono 15 kwa dakika, kila mmoja milimetre 4. Hapo ni saa 16. Jumla saa 23 za sindano.

Lakini kuna saa ambazo hakuna mashini inayozipunguza. Kuzunguka kwa mafundi kuomba vipande. Kufua. Kupiga pasi. Kukata. Na kupanga, ambayo ndiyo kazi yenyewe: mama anaweka kipande cha manjano karibu na cha bluu, anasimama, anatoka nje, anarudi, anakitoa. Anayekanyaga pedali na anayeshika sindano wanatumia muda ule ule hapo. Na mama wa mashini lazima aketi mahali mashini ilipo, kwenye saa ambazo mashini iko huru, watoto wakiwa kwa nani sijui. Mama wa sindano anashona akingoja maji kwenye bomba, akingoja zamu katika hospitali, akiuza ndizi zake barabarani, akinyonyesha. Zile saa 23 hakuzitoa mahali pamoja. Alizikusanya katika nafasi ambazo vinginevyo zilikuwa zinapotea. Mradi gani wa mashini umewahi kuhesabu jambo hilo?

Na kuna hesabu nyingine ambayo watu wa mji huu wanaijua bila kalamu. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2012 vita viliingia Goma. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021 Nyiragongo ikatapika, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaambiwa itoke. Watu walijaa kwenye barabara ya Sake na kwenye mpaka wa Gisenyi. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, vita tena. Mwezi wa pili, kambi zilizouzunguka mji, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, zikabaki uwanja mtupu, na familia zikabeba kile kinachobebeka kichwani. Niambieni, nani alibeba mashini ya kushona? Kichwa chake cha chuma peke yake kinapita kilo 10, bila meza, bila gurudumu. Mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi, sufuria na godoro, ataweka wapi chuma hicho? Mashini zilibaki. Nyingine ziliibwa, nyingine ziliuzwa kwa bei ya chakula cha siku mbili.

Sindano ilikwenda. Ilikuwa imechomekwa kwenye upindo wa kikwembe, au kwenye kitambaa cha kichwa, uzi umezungushwa kwenye kipande cha kadi. Na ujuzi ulikwenda pia, ulikuwa kwenye vidole. Mama aliyefunzwa mashini tu, siku alipoiacha, aliacha kazi yake nyuma. Mama aliyefunzwa mkono alifika Minova au Sake au popote alipofika, akaomba vipande kwa fundi wa kwanza aliyemkuta, akaanza. Ndiyo sababu nasema kumfundisha mhamaji mashini peke yake ni kumpa nyumba isiyo na mlango wa nyuma.

Najua jibu linalokuja: ni sawa, sindano ni ya dharura, lakini sanaa na soko viko kwenye mashini. Wanaosema hivyo hawajui sanaa wala soko.

Tuanze nyumbani. Kasai, katika ufalme wa Wakuba, watu wa Mushenge, kuna vitambaa vya rafia ambavyo leo viko katika majumba makubwa ya makumbusho, Tervuren, London na New York. Wanaume wanafuma rafia, wanawake wanaitarizi. Mama anachukua uzi laini wa rafia, anaupitisha kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, anaukata kwa kisu kidogo pande zote mbili ili ncha zisimame. Hapigi fundo. Uzi unashikwa na msongamano wa kitambaa tu. Mara elfu na elfu, mpaka uso unakuwa kama mahameli yenye michoro ya pembe na mistari. Kipande kimoja kinaweza kula miezi. Mchoraji Henri Matisse alitundika vitambaa hivyo katika karakana yake Ufaransa akavitazama kwa miaka. Huyu alikuwa na uwezo wa kununua kitu chochote cha kutundika ukutani, akachagua kazi ya mama wa Kasai.

Na sketi ndefu za Wakuba, zile zinazozungushwa kiunoni mara nyingi siku ya ngoma na siku ya mazishi, zimejaa viraka. Wengi wanaeleza kwamba asili ya viraka vile ni matundu: rafia inatwangwa ili ilainike, na katika kutwanga inatoboka, basi mama anafunika tundu kwa kiraka. Halafu viraka vikapendwa vyenyewe, vikaanza kuwekwa hata mahali pasipo na tundu, vikawa ndio urembo. Kiraka, ndugu zangu! Kitu kile kile ambacho mtoto wa Goma anachekewa nacho shuleni. Katika nchi hii hii kilivaliwa na watu wa jumba la mfalme.

Twende mbali kidogo, Marekani, kwa watu ambao wazee wao walichukuliwa Afrika kwa minyororo. Katika jimbo la Alabama kuna kijiji kwenye kona ya mto, Gee's Bend. Mama wa huko walishona mablanketi ya viraka kwa mkono, kutoka kwenye suruali za shamba zilizochanika na magunia, kwa sababu nyumba zao za mbao zilipitisha upepo. Hakuna aliyewaambia kwamba ni sanaa. Mwaka 2002 mablanketi yale yalitundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston, halafu Whitney huko New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayaweka kwenye stempu. Kabla ya hapo, mwaka 1966, mama wa eneo hilo walikuwa wameunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, katika wakati wa mapambano ya haki ya kupiga kura. Ushirika ulipata kazi ya kampuni kubwa ya maduka, Sears, mwaka 1972: kushona foronya za mito, zote za kipimo kimoja, zote sawasawa. Feza iliingia, na feza ilihitajika. Lakini leo hakuna anayepanga foleni kuona foronya zile. Watu wanapanga foleni kuona mablanketi ambayo mama walishona kwa macho yao wenyewe, mengine yakiwa na mabaki ya kitambaa kile kile cha Sears waliyoyabeba nyumbani. Mwenye masikio ya mradi na asikie hapo.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana kuna wengine ninaotaka kuwasema. Ni wale wanaokuja kununua kwa ajili ya maduka ya nje na wanataka karatasi inayosema "kazi ya mkono" kwenye kila kitu. Wakiona mstari mmoja wa mashini wanakunja pua. Kwao mama wa Kongo anapaswa kukaa chini ya mti na sindano milele, ili mnunuzi ajisikie vizuri. Na bei wanayotoa? Turudi kwenye blanketi letu. Tuseme wanalipa dola 20. Uzi, shuka ya chini na sabuni, tuseme dola 5. Zinabaki 15. Gawa kwa saa 23 za sindano peke yake, bila kuhesabu kufua na kupanga: ni senti 65 kwa saa. Halafu blanketi lile lile linakwenda kuuzwa huko kwa bei ambayo mama hataambiwa. Yaani mkono unasifiwa kwa mdomo na kudharauliwa kwa mfuko. Kati ya huyo na kijana wa fomu aliyeandika "hajui", sioni tofauti kubwa.

Kwa hao nina habari ya Harriet Powers. Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Baada ya uhuru alishona blanketi lenye picha za Biblia, Adamu na Hawa, ngazi ya Yakobo, Yesu msalabani, watu na wanyama waliokatwa kwenye vitambaa na kushonwa juu. Lilionyeshwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kulinunua, Harriet akakataa. Miaka michache baadaye shida ikabana. Aliomba dola 10, akapewa 5, akalitoa. Leo liko Washington, katika makumbusho ya taifa. Na limeshonwa vipi? Kwa mkono na kwa mashini, vyote viwili katika kitambaa kimoja. Mama yule alitumia mashini mahali ilipomfaa na sindano mahali ilipomfaa, zaidi ya miaka 130 iliyopita, na hakuna mtu leo anayethubutu kusema kazi yake si sanaa kwa sababu ya mstari wa mashini.

Ugomvi huu uliwaka hata kwa matajiri. Mwaka 1989, Paducah, jimbo la Kentucky, kwenye mashindano makubwa ya chama cha washonaji wa mablanketi ya viraka, zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Caryl Bryer Fallert kwa blanketi alilolipitisha uzi kwa mashini tabaka zote. Ilikuwa mara ya kwanza. Wengine walikasirika kweli. Mashini ikashinda, na mkono haukufa. Wote wawili wanashindana mpaka leo, kila mmoja anajulikana kwa jina lake.

Hilo "kila mmoja kwa jina lake" ndilo ninalolitaka hapa. Mama anayeuza aseme kweli: hili ni la mkono, hili ni la mashini, hili limeunganishwa kwa mashini na kupitishwa uzi kwa mkono. Na bei zisifanane. Kuna wajanja katika soko wanaouza la mashini kama la mkono; wanaowaumiza si wanunuzi wa nje tu, wanamuumiza jirani yao ambaye vidole vyake vimetoboka kweli.

Kwa mama zangu ambao wako katikati ya kuchagua, ninavyoona mimi ni hivi. Kama mashini iko karibu na mwenye mashini ana moyo, unganisha vipande vyako kwake, lipa kidogo kwa saa, saa moja itatosha ukiwa umekata na kupanga vizuri kabla ya kwenda. Beba kitambaa chako nyumbani, na tabaka tatu zipitishe uzi kwa mkono. Kwa njia hiyo unaokoa karibu saa 6, unaepuka kuvunja sindano za watu, na uso wa blanketi unabaki na ule uvimbe mdogo unaopendwa. Kama mashini iko mbali au mwenyewe ana masharti mengi, usingoje. Msiogope pia kuacha vipande visilingane. Vipimo vya sawasawa ni sheria ya kiwanda.

Wengine mtaniambia macho yenu yamechoka, taa hakuna, kushona usiku haiwezekani. Hilo nalikubali, na hapo mashini ya mchana inaweza kuwa ndiyo jibu. Mama wa miaka 60 asilazimishwe sindano kwa sababu mwandishi fulani ameisifu.

Kwa wenye miradi nina maombi matatu tu, na hayahitaji bajeti mpya. Mwezi wa kwanza wa mafunzo uwe wa sindano, na mkufunzi awe mmoja wa mama hao hao, alipwe kama wakufunzi wengine. Pale mnapotaka kutoa mashini moja kwa watu watano, iwekeni mahali pa wote, kwenye kanisa, msikiti, shule au nyumba ya chifu wa mtaa, na mlango uwe na saa zinazojulikana, na fundi wa kuitengeneza aliyeandikwa kwenye makubaliano tangu mwanzo. Feza ya mashini mojawapo mnunulie mikasi mizuri, sindano za saizi mbalimbali, uzi wa pamba usiokatika na shuka za chini, vitu ambavyo mama wengi wanavikosa kuliko pedali.

Na ile fomu ya kuandikisha, kabla ya awamu ijayo, iongezwe mstari mmoja baada ya swali la mashini: unashona nini kwa mkono, na unaweza kutuonyesha? Halafu aliyeshika kalamu ainue macho.